Naomba ushauri: watoto wameacha ugali wa mtama, wanataka chipsi na soda

Habari zenu wapendwa. Asili yetu ni Singida. Nimekuzwa kwa ugali wa mtama au uwele, mlenda, kunde na maziwa ya mgando; nyama ilikuwa ya sikukuu. Sasa tunaishi Dar es Salaam, na mezani ni sembe, wali, chapati, jioni chipsi mayai na soda. Mume wangu tayari ana presha, mama mkwe ana kisukari. Nawaza sana watoto hawa watakapofika miaka 40.

Najua mahindi yakikobolewa hupoteza pumba na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi na vitamini B nyingi. Najua pia Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Kwetu huongezwa hata mezani!

Kinachonishinda ni kuwarudisha. Hata dona wanaisukuma pembeni. Mliofanikiwa mlianzaje: kuchanganya unga kidogo kidogo, au kubadili yote kwa pamoja? Na mtama safi usio na mchanga mnanunua wapi hapa mjini?