Mikataba na majirani: Bunge liione ikiwa rasimu au likishafungwa mikono?

Mwalimu wa Machame
Wadau, Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa hapa Arusha Novemba 30, 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja, ile ya kuruhusu watu, bidhaa na huduma kuvuka mipaka ya wanachama kwa uhuru, nayo ikasainiwa hapa hapa, Novemba 20, 2009. Sisi wa Kilimanjaro na Arusha ndio tunaoamka na Holili na Namanga, mipaka yetu na Kenya, kila siku. Lakini wabunge wetu huletewa karatasi ikiwa imeshatiwa saini, wanaambiwa waridhie. Kugeuza hata nukta hawawezi, kwa sababu mwenzetu naye alishasaini maneno yale yale. Nasema mikataba na majirani ifike Dodoma ikiwa bado rasimu, na kamati iende mpakani kuwasikiliza watu. Wanaopinga wazo hili wengi ni wale wa njia za panya, ambao mkataba wowote kwao ni kero.

Mama Vitunguu
Shikamoo mwalimu. Kwa hilo la njia za panya umetukosea sana. Mimi natoa vitunguu Mang'ola napeleka Kenya, na ushuru nalipa. Kuna mwaka nilikaa mpakani siku tatu nasubiri cheti kimoja. Siku ya pili ukipitisha mkono chini ya turubai unakuta gunia lina joto kama mgonjwa wa homa. Siku ya tatu magunia ya chini yanatoa maji. Niliyauza palepale barabarani kwa bei ya kutupa. Mwenzangu aliyepita porini usiku alishafika Nairobi na kurudi. Sasa niambie, nani alimfundisha kupita porini?

Dereva Namanga
Mama amesema kweli. Kituo cha pamoja pale Namanga kimesaidia, unasimama upande mmoja tu. Lakini wakuu, mmesahau vifaranga 6,400 vya kutoka Kenya ambavyo serikali yetu ilivichoma moto 2017? Na ng'ombe 1,325 wa Wamasai wa Kenya wakapigwa mnada mwezi ule ule? Soko la Pamoja lilikuwa limeanza kazi tangu 2010. Bunge lilisema nini?

Kijana wa Majengo
Vifaranga viliingizwa bila kibali, na hofu ilikuwa mafua ya ndege. Mbona hamsemi Machi 2021 Wakenya walipozuia mahindi yetu wakidai yana sumukuvu, ile sumu ya ukungu? Malori yalipanga foleni, watu wakalala chini ya matela. Sisi tukichukua hatua ni ukatili, wao wakichukua ni afya ya walaji.

Wakili Kaloleni
Ndugu zangu, Katiba ibara ya 63(3)(e) inalipa Bunge kazi ya "kujadili na kuridhia mikataba yote inayohusu Jamhuri ya Muungano na ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa." Yasomeni maneno ya mwisho. Mkataba usiosema wenyewe kwamba uridhiwe haulazimiki kufika bungeni. Mawaziri wawili wakikutana mpakani wakasaini hati ya makubaliano, inaweza kuanza kazi kesho yake, na hizo ndizo zinazomgusa Mama Vitunguu kuliko itifaki yenye kurasa mia. Kenya wana sheria maalumu ya kufunga na kuridhia mikataba tangu 2012. Na msiseme Bunge letu haliwezi kutangulia: Novemba 2016 lilijadili EPA, ule mkataba wa biashara na Ulaya, kabla serikali haijasaini, likashauri isisaini. Haikusaini.

Dereva Namanga
Wakili, na ule wa bandari na Dubai si ulijadiliwa kabla ya kusainiwa?

Wakili Kaloleni
Hapana. Ulisainiwa Oktoba 2022, Bunge likauridhia Juni 10, 2023.

Kijana wa Majengo
Dubai ni jirani wa nani hapa? Tubaki na majirani. Mimi ninachojua, Wakenya wanaingia hadi shambani Himo, wanamlipa mkulima mahindi yangali mabichi, wanapanga bei wao. Ndiyo maana agizo la Julai 2025, lile la biashara 15 zilizokatazwa kwa wasio raia, likaweka na kununua mazao shambani. Lilichelewa.

Mama Vitunguu
Mwanangu, huyo mnunuzi wa Kenya ndiye aliyenilipia ada za watoto watatu. Anakuja na pesa mkononi, anahesabu mbele yako. Dalali wetu wa hapa anachukua mzigo leo, pesa "wiki ijayo", na simu hapokei.

Kijana wa Majengo
Mama, heshima yako iko palepale, lakini huyo anayehesabu pesa mbele yako anakujazia lumbesa. Gunia linavimba mpaka linashonewa kilemba juu. Unauza kilo 130 unalipwa gunia moja. Hiyo ni ada ya mtoto wa nne ameondoka nayo.

Dereva Namanga
Lumbesa haikuletwa na Mkenya! Nimebeba lumbesa kutoka Lushoto kwenda Dar, hapakuwa na Mkenya hata mmoja. Sheria ya vipimo inasema kilo 100, nani anapima?

Mwalimu wa Machame
Mama, neno la njia za panya nalifuta, niliandika kwa hasira. Lakini oneni tulipofika. Agizo la biashara 15 lilitolewa na waziri. Itifaki ya Soko la Pamoja ililetwa bungeni ikaridhiwa. Agizo likigongana na itifaki, Bunge lililoridhia itifaki halikuulizwa.

Wakili Kaloleni
Hapo mwalimu umegusa penyewe. Na Sheria ya Forodha tunayotumia Holili, ile ya 2004, ilitungwa na Bunge la Afrika Mashariki. Wabunge wetu tisa wa kule wanachaguliwa na Bunge la Dodoma, na makao ya Bunge lao ni hapa Arusha. Nani kati yenu amewahi kuwapelekea malalamiko?

Kijana wa Majengo
Wakili, mimi bado niko kwenye lumbesa. Dereva kanijibu kana kwamba nawachukia Wakenya. Bibi yangu mzaa mama ni wa Taveta.

Dereva Namanga
Sikusema unawachukia. Nimesema gunia linajazwa na sisi wenyewe, na wapakiaji nawajua kwa sura.

Mama Vitunguu
Kijana, Jumamosi nashusha magunia arobaini Mbuyuni, Moshi. Njoo alfajiri na mzani. Likizidi kilo 100 hata moja, nalifungua mbele yako.

Kijana wa Majengo
Nakuja mama. Ila mzani uwe na muhuri wa vipimo, siyo ule wa kuning'iniza wenye ndoana.

Mama Vitunguu
Wa kuning'iniza ndio walionao wote pale sokoni, mwanangu. Wenye muhuri uutafute wewe.