Tupeane uzoefu: Gari la zamani linalotetemeka kwenye sailensa

Wakuu, tupeane uzoefu kuhusu injini ya petroli yenye umri: barabarani inavuta vizuri, ukisimama tu ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) inatetemeka hadi vioo vya pembeni vinacheza. Naanza na kutenganisha ugonjwa. Injini ikishapata moto, tazama sindano ya mizunguko. Gari nyingi hukaa kati ya 650 na 850 kwa dakika. Sindano ikitulia hapo, lakini usukani unatikisika gia ikiwa D na mguu uko kwenye breki, ukiweka N mtikisiko unapungua, kagua mauntingi (raba zinazoshikilia injini) kabla ya kugusa kingine. Zile zenye maji ndani zikipasuka huacha uchafu mweusi chini yake. Sindano ikipanda na kushuka yenyewe, fikiria hewa inayoingia kwa wizi. Ikidondoka ghafla kwa vipindi, kuna silinda inamisi (haichomi mafuta vizuri).

—

Naongezea kwenye kumisi. Soma kodi (namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari) kwanza. P0301 hadi P0304 zinataja silinda yenyewe, P0300 haichagui. Ikiwa ni P0302, hamishia koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) ya silinda ya 2 kwenye silinda ya 3, futa kodi, acha injini iungurume. Ikija P0303, koili imekufa. Isipohama, rudia kwa plagi, kisha nozeli (inayopulizia mafuta). Hadi hapo hujanunua kitu.

Plagi zitoe injini ikiwa imepoa, la sivyo unaweza kuharibu nyuzi za hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu. Gepu (nafasi kati ya ncha za plagi) fuata kitabu cha gari, nyingi ni 0.7 hadi 1.1 mm. Ukikuta kisima cha plagi kina oili, raba za visima au gasketi ya kava ya tapeti imekwisha. Ukifunga koili mpya ukaziacha raba hizo, mpira wa koili utalowa na kulainika tena, na cheche itaanza kuvuja pembeni.

—

Hewa tumeipita haraka mno, na kwenye gari la zamani ndiko kwenye kesi nyingi. Mipira ya hewa hukauka. Ubinye na kuupinda kila mmoja, hasa wa PCV (valvu inayorudisha mvuke wa injini uchomwe) kwenye ile kona ya chini isiyoonekana, na ule wa boosta ya breki. Mpira unaoonekana mzima unaweza kufungua ufa ukipindwa. Gasketi ya menifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) nayo usiisahau.

Hewa inayoingia baada ya sensa ya hewa haihesabiwi na kompyuta, hivyo mafuta yanakuwa pungufu na P0171 inakuja. Kwenye mashine ya kupimia angalia marekebisho ya mafuta (asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza), ya muda mfupi jumlisha ya muda mrefu. Yakisoma karibu +20% kwenye sailensa, kisha yakishuka kuelekea 0 ukipandisha hadi mizunguko 2,500, hewa inavuja: ya wizi inakuwa sehemu ndogo ya hewa yote. Yakizidi kupanda unapokanyaga, geukia sensa ya hewa iliyochafuka, pampu au filta ya mafuta. Kutafuta tundu, mashine ya moshi ndiyo njia safi. Wanaopulizia spreyi inayowaka karibu na eksozi ya moto wanacheza na moto, basi.

—

Throto (mlango wa hewa ya injini) yenye kaboni isafishwe kwa spreyi yake na kitambaa. Kama ni ya umeme, usisukume kipepeo kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Sailensa ikipanda baadaye usishangae: kompyuta bado inafidia uchafu uliokwisha ondoka. Ifundishwe upya kwa utaratibu wa gari husika.

—

Yote yakiwa safi, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Plagi zote nje, mafuta na umeme wa koili umekata, pedeli chini kabisa, betri imejaa. Injini nyingi nzima husoma kama bar 10 hadi 13, ila tofauti kati ya silinda ndiyo inayosema zaidi. Iliyo chini itie kijiko cha chai cha oili, upime tena. Ikipanda, ni ringi za pistoni; isipopanda, ni valvu. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi.

Kwa injini zinazosetiwa tapeti (nafasi ya valvu hurekebishwa kwa mkono), valvu ya eksozi iliyobana haifungi vizuri ikipata moto. Asubuhi injini inatulia, ikichemka inaanza kutetemeka. Tapeti iliyolegea hupiga kelele. Iliyobana hukaa kimya, ndiyo maana wengi wanaibadilishia plagi bure.