Msaada tutani: maumivu yanaanzia takoni hadi kidole gumba cha mguu, wiki ya sita sasa silali

SindanoNaUzi

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kupitia haya, maana nimefika mwisho wa akili.

Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni ya kukaa kutwa. Wiki sita zilizopita niliinama kuokota robota la kitambaa, nikasikia "kach" kiunoni. Siku ile kiliuma kiuno tu, nikasema ni uchovu. Siku ya tatu kiuno kikapoa, maumivu yakahamia tako la kulia, yakashuka nyuma ya paja, yakapita ubavuni mwa kigimbi mpaka juu ya mguu pale panapofungwa kamba za kiatu, yakaishia kidole gumba. Ni kama waya wa umeme uliochubuka umepitishwa ndani ya mguu, halafu kuna mtu anauwasha na kuuzima. Nikikohoa unawaka. Nikipiga chafya nashika ukuta. Na mguu wenyewe ndio ninaokanyagia pedali.

Nimepigwa picha ya MRI, majibu yanasema diski ya kati ya pingili za kiunoni L4 na L5 imetokeza na inagusa mzizi wa neva, yaani hii ni siatika. Nimepewa diclofenac ya maumivu na pregabalin ya neva. Hii ya pili inanilevya, juzi nusura nijishone kidole. Nyumbani wameshikilia nilale chali sakafuni wiki mbili bila kuinuka. Nimelala siku tisa, nikaamka nimekakamaa kama gogo. Daktari mwingine akataja upasuaji, na hata ule usingizi wa saa mbili niliokuwa naupata ukapotea.

Hiki kitu huwa kinaisha? Nilale vipi? Na upasuaji nikubali au nikatae?

Nyundo

Pole sana mkuu. Mimi sina utaalamu, ila niliugua hii na ninachokumbuka ni kwamba kiti ndicho kilikuwa adui. Nilitega alamu, kila dakika ishirini inalia, nasimama. Wenzangu kazini walinichukia. Nilitembea.

SindanoNaUzi

Asante Nyundo. Halafu mimi ni dada, ila "mkuu" nimeipokea.

MizizinaMajani

Dada usihangaike na hospitali. Nina dawa ya asili inarudisha diski mahali pake kwa siku 7, uhakika. Njoo inboksi.

Kobe Mpole

Wewe wa inboksi, kila uzi wa mgongo upo, kila uzi wa sukari upo, na dawa ni hiyo hiyo. Diski haichomoki kama droo ya kabati hata irudishwe ndani.

Dada, niliumwa upande wa kushoto karibu miezi minne. Nikuambie ya usiku kwanza, maana najua ndiko unakoteseka. Lala kwa ubavu, weka mto kati ya magoti, si ule mwembamba, uwe mnene kiasi cha kuzuia goti la juu lisidondoke mbele na kuvuta kiuno. Ukipenda chali, weka mito miwili chini ya magoti. Kuamka ndiko watu wengi wanakojiumiza: usijikunje kama unafunga kisu. Geuka ubavu, shusha miguu kitandani, kisha jisukume kwa mkono. Unaonekana mzee wa miaka tisini lakini unaamka.

Na hiyo ya kulala siku tisa achana nayo. Nami nililala, nikaambiwa ni ushauri wa zamani. Siku moja mbili kali za mwanzo sawa, zaidi ya hapo misuli inalegea na maumivu yapo pale pale.

FizioZamuYaUsiku

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba. Siwezi kukutibu kwa maandishi, ila nikuulize machache ambayo ni muhimu kuliko picha ya MRI.

Moja: unapata shida kuanza kukojoa, au mkojo unatoka bila kujijua? Choo kikubwa je? Sehemu za siri na pale unapokalia tandiko la baiskeli, kuna ganzi? Mguu wa pili nao umeanza kuishiwa nguvu? Kama kuna hata jibu moja la ndiyo, funga simu uende hospitali sasa hivi, usiku huu. Hapo neva za chini ya uti wa mgongo zinakuwa zimebanwa kwa pamoja, na zikicheleweshwa huenda zisirudi.

Mbili: homa, kupungua uzito bila sababu, historia ya saratani? Hayo nayo daktari anatakiwa kuyajua mapema.

Tatu: simama ushike meza, tembea hatua kumi kwa visigino. Kisha kumi kwa ncha za vidole. Niambie mguu wa kulia unafanyaje ukilinganisha na wa kushoto.

SindanoNaUzi

Mkojo na choo sawa, ganzi huko hakuna, uzito ule ule kwa bahati mbaya. Kwa ncha za vidole natembea vizuri. Kwa visigino naweza, ila kidole gumba cha kulia hakiinuki sana kama mwenzake.

FizioZamuYaUsiku

Hiyo inaendana na picha. Neva ya siatika ni nene kuliko neva zote mwilini, inaundwa na mizizi ya L4 mpaka S3 (L ni pingili za kiunoni, S ni za mfupa wa chini yake). Diski ya L4 na L5 kwa kawaida huuchokoza mzizi wa L5, na huo ndio unaoinua kidole gumba na kuleta ganzi juu ya mguu. Ingekuwa diski ya chini yake, tungetegemea maumivu yaende upande wa kidole kidogo, na ungeshindwa kusimama kwa ncha za vidole.

Udhaifu mdogo usiobadilika unaweza kufuatiliwa. Rudi upimwe nguvu ya hicho kidole na iandikwe, ili tuwe na cha kulinganisha. Ukiona siku hadi siku kinazidi kushuka, au mguu unaanza kuburuta na kujikwaa kwenye zulia, usisubiri miadi.

Sasa jambo ambalo wagonjwa wangu wote huwa naanza nalo: angalia maumivu yapo wapi, usiangalie ukali wake tu. Yakiondoka kidoleni yakabaki gotini, kisha pajani, kisha takoni, unapona, hata kama kiuno kinauma zaidi ya jana. Yakizidi kushuka, ulichokifanya hakikufai, kiache. Lala kifudifudi, pumzika dakika mbili, kisha jiinue kwa viwiko. Mguu unasemaje? Yakipanda, rudia mara kadhaa kwa siku. Yakishuka, acha, wewe si wa zoezi hilo. Kuna watu, hasa wazee ambao njia ya neva imekuwa nyembamba, nafuu yao ipo kwenye kuinama.

Usivute mguu ukiwa umenyooka eti unalainisha msuli wa nyuma ya paja. Unaouvuta ni neva iliyovimba, na neva haipendi kuvutwa. Inapenda kuteleza. Kaa kitini, nyoosha goti polepole huku unainua uso juu, kisha kunja goti huku unashusha kidevu. Kumi tu, bila kufika kwenye maumivu. Na hiyo pedali isogeze karibu, kwa sababu kuifuata mbali kwa mguu ulionyooka ni kuivuta neva ile ile kutwa nzima.

mama wawili

Mimi nilipasuliwa, na sijutii. Nilikuwa wiki ya kumi na nne, nakula nimesimama. Nilipoamka mguu ulikuwa kimya, nikalia. Lakini niseme ukweli, kiuno bado kinanikumbusha hadi leo, hakuna aliyeniahidi kiuno kipya. Upasuaji ulikuwa wa mguu.

Kobe Mpole

Na mimi sikupasuliwa, sasa ni miaka mitatu. Kwa hiyo dada usisikilize mmoja wetu.

FizioZamuYaUsiku

Wote wawili mko sahihi, na imewahi kupimwa. Uholanzi walichukua wagonjwa 283 wenye siatika kali ya wiki 6 mpaka 12, nusu wakapasuliwa mapema, nusu wakaendelea na tiba ya kawaida wakiwa na ruhusa ya kupasuliwa wakishindwa. Matokeo yalitoka 2007. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, ila baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Katika kundi la kusubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa. Kwa hiyo mara nyingi swali ni unaweza kuvumilia kwa muda gani, mradi nguvu za mguu hazishuki na mkojo uko sawa.

Wengi hupata nafuu kubwa kati ya wiki 6 na 12. Ule ute uliotoka kwenye diski mwili huuona kama mgeni na kuumeng'enya polepole. Kinachowashangaza wagonjwa ni kwamba vipande vikubwa ndivyo mara nyingi hunywea zaidi, kwa hiyo neno "imetokeza sana" kwenye karatasi lisikutoe roho. Na wapo watu wengi wenye diski zilizotokeza ambao hawajawahi kuumwa hata siku moja.

Pregabalin: utafiti wa Australia wa 2017 uliilinganisha na vidonge visivyo na dawa kwa wagonjwa wa siatika, haikupunguza maumivu ya mguu kuliko vidonge hivyo, na kizunguzungu kilikuwa kingi. Lakini usiikate ghafla. Mrudie aliyekuandikia, akupunguzie taratibu. Diclofenac nayo si pipi: mwenye vidonda vya tumbo, presha, figo au moyo amwambie daktari kabla.

Nyundo

Naingilia kidogo. Mimi nyayo zote mbili zinawaka usiku, kama nimekanyaga makaa. Ni siatika imerudi?

FizioZamuYaUsiku

Miguu yote miwili, kuanzia nyayo, bila kiuno? Kapime sukari kwanza, ndugu yangu. Siatika kwa kawaida hushika mguu mmoja.

MizizinaMajani

Sukari pia ninayo dawa.

Kobe Mpole

Nilisema mimi.

SindanoNaUzi

Mrejesho, imepita wiki ya tano tangu nifungue uzi huu.

Nilirudi hospitali, kidole kikapimwa, kikaandikwa, wiki mbili baadaye kikapimwa tena na kikawa kimeongezeka nguvu kidogo. Tukakubaliana kusubiri. Pregabalin nilishushiwa taratibu, nimeimaliza. Zoezi la viwiko siku ya kwanza lilinifanya nikate tamaa, kiuno kiliuma mno, nikakumbuka maneno ya Fizio nikaangalia mguu: maumivu yalikuwa yameishia gotini. Nikaendelea. Kwenye wiki ya tatu nilizidisha, nikashona nguo za harusi saa nne mfululizo, kesho yake waya ukawaka tena mpaka kidoleni. Nililia. Ukapoa baada ya siku nne, safari hii bila kulala sakafuni.

Sasa yamebaki takoni, nikikaa sana. Ganzi juu ya mguu bado ipo, naambiwa hiyo ndiyo huwa ya mwisho kuondoka. Usiku napata usingizi wa saa tano, na mto wangu kati ya magoti hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Pedali nimeisogeza. Alamu nimeiweka mlio wa jogoo, kila dakika ishirini anawika, wateja wameshaniita majina.

Nyundo, ulipima?

Nyundo

Nilipima. Ipo juu. Nimeanza dawa, za hospitali.