Gemu langu la mazimwi: Frankenstein hachaguliwi na mtu, na mshikaji ananitisha na kesi

FundiSimu_Tanga

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi simu, nina kibanda hapa Tanga mjini. Tangu mwaka jana, nikishafunga kazi nakaa na laptop natengeneza gemu la kupigana. Natumia Godot, programu ya kutengenezea magemu, kwa sababu ni ya bure na haichoshi mashine yangu kuukuu. Mtu mmoja kwa mmoja, raundi tatu, wapiganaji wanne: Dracula, Frankenstein, mbwamwitu-mtu na yule maiti wa Misri wa kuviringishwa vitambaa. Wazo lilinijia baada ya kucheza Terrordrome, lile la bure lenye wauaji wa filamu za kutisha. Nikasema mimi nitawachukua babu zao.

Nimekwama pawili.

Kwanza, wanaonijaribia ni vijana wanaosubiri simu zao. Nina pedi mbili za kuchezea gemu, moja kitufe chake cha pembetatu kinanata, kwa hiyo wanaanza kwa kugombania pedi. Wakishaacha kugombana, hakuna anayemchagua Frankenstein. Ngumi yake nzito inachukua fremu 22 (zile picha moja moja za gemu) mpaka ifike, na gemu linakwenda fremu 60 kwa sekunde. Piga hesabu: zaidi ya theluthi ya sekunde mkono uko hewani tu, mbwamwitu ameshamchapa mbili na kurudi zake nyuma. Nikamwongezea uhai, bado anapigwa, ila sasa anachelewa kufa. Nikamwongezea nguvu, ikawa akipata ngumi tatu raundi imekwisha, na hapo kelele zikawa nyingi hadi jirani muuza nguo akaja kuuliza kuna nini.

Pili, mshikaji wangu anasema nikiliuza Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, hata kwa dola mbili, Universal wenye zile filamu za zamani watanifungulia kesi. Frankenstein wangu ana kichwa bapa, ngozi ya kijani na misumari miwili shingoni. Dracula ana joho lenye kola iliyosimama. Ile dola 100 ya kusajili gemu Steam nimeiweka akiba kidogo kidogo, sitaki iende na maji.

Mwenye ujuzi anisaidie.

Jembe_la_Kahama

Mkuu wewe pakia tu. Hao Universal wataijulia wapi Tanga?

FundiSimu_Tanga

Tanga hawaijui, lakini Steam wanaijua. Gemu likiondolewa na dola 100 ndiyo imekwenda. Ungekuwa unalipa wewe ningepakia leo.

MwalimuWaFasihi

Kaka, mimi si mtu wa magemu, mwanangu ndiye aliyenionyesha. Ila nimefundisha fasihi ya Kiingereza sekondari miaka 19, na naona maswali yako mawili yanajibiwa na kitabu kimoja.

Tuanze na jina, maana hapa hata wanafunzi wangu walikuwa wanaanguka: Frankenstein ni yule kijana msomi aliyemuumba. Kiumbe mwenyewe hakupewa jina. Mary Shelley alikitoa kitabu cha Frankenstein mwaka 1818, akafariki 1851. Bram Stoker alimtoa Dracula 1897, akafariki 1912. Hakimiliki za vitabu hivyo zimekwisha siku nyingi. Wachukue, huhitaji kuomba.

Usichoweza kuchukua ni mavazi waliyovishwa baadaye. Kichwa bapa na vile vyuma vya shingoni (si misumari, ni vya kupitishia umeme) havimo kitabuni kabisa. Ni kazi ya Jack Pierce, mpambaji wa Universal, aliyomfanyia mwigizaji Boris Karloff kwa ajili ya filamu ya 1931. Kwa sheria ya Marekani filamu ya mwaka ule inalindwa miaka 95, maana yake hadi mwisho wa 2026, na hata hapo alama za biashara zina sheria yake nyingine. Uso wa mbwamwitu wa filamu ya 1941 ndiyo una safari ndefu zaidi. Mtu anayegeuka mbwamwitu ni hadithi ya kale, hana mwenyewe, wewe mchore wa kwako.

Sasa kifungue kitabu. Kiumbe ana urefu wa futi 8. Ngozi yake ni ya manjano, haitoshi hata kufunika misuli na mishipa. Nywele nyeusi zinazong'aa, meno meupe, midomo myeusi. Wala hakuna kijani.

Na si mzito! Hili ndilo lililonifanya niandike. Muumbaji wake anapomwona kwenye barafu ya milimani, kiumbe anamjia mbio kwa kasi isiyo ya binadamu, anaziruka nyufa za barafu ambazo yeye mwenyewe alikuwa anazivuka kwa kunyatia. Anapanda majabali, anavumilia baridi, na akifungua mdomo anajenga hoja kama wakili. Kule kutembea kama mtu aliyebeba kabati kulikuja na filamu. Wewe umemchukua Karloff mzimamzima, viatu vyake pamoja na kesi yake.

Dracula naye, kitabuni ni mzee mwenye masharubu marefu meupe na viganja vyenye nywele. Anatoka dirishani na kutambaa ukutani kichwa chini kama mjusi. Na jua halimuui. Kuuawa na jua kulikuja na Nosferatu, filamu ya Kijerumani ya 1922, ambayo waliitengeneza bila kumwomba ruhusa mjane wa Stoker. Mama yule akaenda mahakamani, na ikaamriwa nakala ziharibiwe. Kwa hiyo mshikaji wako haogopi bure.

Banda_la_Kale_Msa

Mwalimu amemaliza upande wa sheria, mimi niseme upande wa ngumi. Nilikuwa na banda la gemu Mombasa enzi za pedi za waya, na nimecheza Darkstalkers, gemu la kupigana la mazimwi la kampuni ya Capcom, mpaka vidole vikaota sugu.

Ndugu yangu, hao Capcom mwaka 1994 walipita njia hiyo hiyo. Mnyonya damu wao aitwa Demitri, mbwamwitu ni Jon Talbain, maiti wa Misri ni Anakaris, na lile jitu la kuundwa ni Victor, ambaye ngumi zake zatoa umeme. Mtoto akiona tu ajua huyu ni nani, lakini jina na sura ni mali ya Capcom. Wewe wataka kuuza kwa jina la mwenzio ya nini?

Sasa hilo jitu lako. Kosa umefanya ni kumtibu kwa uhai na nguvu. Mpiganaji mkubwa hasumbuliwi na uhai, asumbuliwa na *kufika*. Iache ngumi yake na fremu 22, hiyo ni haki yake. Mpe mambo mawili. Mosi, akiwa kwenye ngumi hiyo, kuanzia fremu ya 8 hivi, akipigwa pigo moja aumie lakini asikatike, mkono uendelee kuja. Pigo la pili limkate. Hapo mbwamwitu atafikiria kabla ya kurukia. Pili, mpe mbio. Hayo ya kuruka nyufa aliyosema mwalimu, yafanye kuwa mruko mfupi wa mbele unaopita juu ya mateke ya chini. Akitua karibu, mpinzani ajikinge au akimbie, achague.

Na Anakaris mwangalie vizuri. Yule huyameza makombora ya mpinzani kisha akayarudisha. Hajui kukimbia lakini wewe ndiye waogopa kurusha kitu.

Neno la mwisho: baki na wanne. Waliotengeneza Skullgirls, gemu jingine la kupigana, mwaka 2013 walipochangisha pesa za kuongeza mpiganaji mmoja, Squigly, yule binti mfu mwimbaji, waliomba dola 150,000. Mmoja. Watu wakashangaa, nao wakaonyesha hesabu: mishahara, uchoraji, sauti, majaribio, kila kitu. Wewe una jioni zako na pedi inayonata.

FundiSimu_Tanga

Mwalimu shikamoo, na kaka wa Mombasa asante sana. Nilikuwa sijawahi kukisoma hicho kitabu, nakiri. Nimekipakua bure, nasoma polepole na kamusi pembeni.

Swali dogo mwalimu: huyu maiti wa Misri naye ana kitabu chake? Wangu anaburuta mguu.

MwalimuWaFasihi

Marahaba kaka. Yeye hana kitabu kimoja cha kumlea kama wenzake, lakini ana hadithi fupi nzuri ya mwandishi Conan Doyle ya mwaka 1892, Lot No. 249. Mwanafunzi wa Oxford ana maiti chumbani na anaituma usiku ikadhuru watu. Inamkimbiza mwenzake barabarani gizani, na ilibaki kidogo imkamate. Inakimbia, kaka. Mguu wa kuburuta nao ni wa filamu.

Ila kwa huyu wewe una utajiri ambao Doyle hakuwa nao. Neno *mummy* la Kiingereza na *mumiani* letu ni ndugu, yote yanarudi kwenye jina lile lile la dawa nyeusi kama lami iliyokuwa inatoka Uajemi. Huko Ulaya jina likahamia kwa maiti za Misri. Huku pwani watu wakaamini dawa ile ni damu ya binadamu iliyoganda, na mumiani akawa ni mtu anayevizia usiku kunyonya damu. Bibi yangu alikuwa akiona gari la zimamoto anatuvuta ndani na kufunga mlango kwa komeo. Sijawahi kumwona akiogopa kitu kingine, hata nyoka.

Kwa hiyo Mswahili akisema maiti wa Misri wa kwenye gemu anakunywa damu, hajachanganya mambo.

Banda_la_Kale_Msa

Aisee. Mumiani ameze kombora, alirudishe likiwa jekundu. Hiyo nimekupa bure.

FundiSimu_Tanga

Wakuu, mrejesho. Nimetoa kichwa bapa, nimetoa vyuma. Sasa anaitwa Kiumbe tu, wa manjano, nywele ndefu nyeusi. Hizo nywele zimenila wiki mbili, kila akigeuka zinapita ndani ya bega. Mruko wa kupita juu ya mateke nimeuweka, na kuvumilia pigo moja kuanzia fremu ya 8 kama nilivyoelekezwa.

Jana jioni kijana mmoja aliyeleta simu ya kioo kilichopasuka kashinda mechi sita mfululizo na Kiumbe. Kioo nilikimaliza saa kumi na moja, yeye kaondoka saa mbili usiku. Sasa wanataka nimpunguze Kiumbe, na wanaolalamika ni wale wale waliokuwa wanamcheka. Huo uvumilivu nimeusogeza uanze fremu ya 11, tuone.

Mumiani naye anameza. Kurudisha bado, likirudi linampiga yeye mwenyewe.

Limebaki la Dracula. Nimemfanya atambae ukutani kichwa chini kama mjusi, anapendeza sana, tatizo akishapanda hakuna anayemfikia. Jana mtu alikaa kule juu mpaka muda ukaisha. Nimshusheje?

Jembe_la_Kahama

Mwenye pedi inayonata ndiye awe Dracula.