Mnaoandika programu za kusoma meseji za miamala kwa kubahatisha, mtatuua kwa presha

Wakuu, nimevumilia nimechoka, leo naumwaga hapahapa.

Tunauza saruji kwa jumla. Mteja analipa kwa simu, meseji ya muamala inaingia, mfumo tuliouziwa na kampuni moja ya hapa mjini unachomoa kiasi na kukiingiza kwenye akaunti yake. Kazi ni hiyo tu. Mteja kalipa Tsh 1,250,000.00, mfumo ukaandika shilingi moja. MOJA! Halafu ukamtumia ujumbe wa kumkumbusha deni. Mzee wa watu akatinga dukani amefura, na matusi nikala mimi wa kaunta, siyo aliyeandika huo uchafu.

Nikadai kuona msimbo wa programu yao. Wametumia parseFloat, amri ya lugha ya programu ya JavaScript ya kugeuza maandishi kuwa namba. Hiyo inasoma tarakimu kuanzia mwanzo, ikikuta alama isiyoijua inakata hapohapo na kukupa ilichokwisha kusoma. Koma haiijui. Kwa hiyo "1,250,000.00" kwake ni 1, na hailalamiki popote. PHP, lugha nyingine ya programu, nayo ukiilazimisha igeuze kuwa namba nzima kwa (int) inakupa 1 ileile. Python, lugha ya tatu, angalau ina adabu: float("1,250,000.00") inagoma na kukutupia ujumbe wa kosa, ValueError, usoni. Bora kugoma kuliko kudanganya!

Sasa sikieni walivyorekebisha. Wakafuta kila kisicho tarakimu. Koma ikaondoka na nukta ikaondoka, senti zikaungana na shilingi, mteja akawa ametulipa milioni 125. Nikapiga simu, wakasema basi nukta ibaki. Haya, kuna meseji nyingine zinaandika "Tsh.1,250,000", nukta imegandana na Tsh. Kilichobaki ni ".1250000", yaani 0.125. Senti kumi na mbili na nusu! Kwa mzigo wa saruji!

Na namba za simu sijazigusa bado. Kuna mtu kaamua nazo ni namba za hesabu, akazigeuza, sifuri ya mbele ikapotea kwa wateja wote. Ndugu yangu, namba ya simu huijumlishi wala huigawanyi, iache iwe maandishi.

Kwani ugumu uko wapi? Meseji moja ina kiasi, makato, salio, tarehe na namba ya muamala, zote zimejaa tarakimu, kwa hiyo huwezi kuokota ya kwanza unayoiona. Anzia neno "umepokea", nenda kwenye Tsh inayolifuata, ruka nukta yake kama ipo. Kisha hakikisha umbo: tarakimu moja hadi tatu, halafu mafungu ya tatutatu yaliyotengwa kwa koma, na mwishoni nukta na senti mbili kama zipo. Likitimia ndipo ufute koma na ugeuze kuwa namba. Lisipotimia, weka meseji pembeni binadamu aikague. USIKISIE. Hizo ni hela za watu.

Nimewaandikia yote haya, na mifano ya meseji nikaambatanisha. Jibu lao: "Mkuu, hiyo ni mtandao, jaribu kuzima na kuwasha."

Mwenye kumjua fundi anayefanya hivi vitu kwa akili timamu anielekeze PM. Ila aje na majaribio yake, na ile ya "Tsh." yenye nukta iwemo.