Kusoma sosholojia ya elimu bila kuwa mwalimu

Swali (mwanafunzi, Dodoma)
Shikamooni walimu wangu. Niko mwaka wa pili wa shahada ya sosholojia, yaani taaluma ya kuchunguza jamii, hapa Dodoma, na nimechagua somo la sosholojia ya elimu. Wenzangu wanaosomea ualimu wananicheka kwamba nimevamia shamba la watu, kwa kuwa sitashika chaki maishani. Je, mtu asiyesomea ualimu anatafuta nini shuleni?

Jibu (mwalimu, Bahi)
Marahaba. Mimi ninashika chaki, na bado nakutetea. Chuoni nilifundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, yaani mipango ya kufundishia, na nilifundishwa vizuri; sikufundishwa kujiuliza kwa nini kila Februari, palizi ya mtama na uwele ikipamba moto, nikiita majina wavulana wanaoitika ni wachache. Elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza Januari 2016, lakini mtoto ambaye kwao hawajaleta debe la mahindi ya chakula cha mchana hukaa chini ya mbuyu wenzake wakila, kisha saa nane tunaingia naye darasani tukitarajia afanye hesabu za sehemu. Jambo hilo haliko kwenye muhtasari wa somo lolote. Ndilo lako hilo.

Jibu (mhadhiri mstaafu)
Mgawanyo huo wa mashamba ni wa ofisi za vyuo tu. Émile Durkheim, mmoja wa waasisi wa sosholojia, alipoanza kufundisha Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1887, alifundisha sayansi ya jamii na malezi ya shule kwa pamoja. Hapa kwetu, Mwalimu Nyerere katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 hakuanza na mbinu za kufundisha; alianza kwa kuuliza elimu ni ya nini, akaikosoa shule iliyowaandaa wachache kwa sekondari na kuwaacha walio wengi wajione wameshindwa, ilhali wanarudi kuishi vijijini. Hilo ni swali la kisosholojia, ingawa aliyeliuliza alikuwa mwalimu kwa taaluma. Tena usianzie kwenye jengo: Wagogo, wenyeji wa Dodoma, walikuwa na jando kabla ya ubao na chaki, na lilikuwa na wakufunzi wake na njia yake ya kuamua nani amekuwa mtu mzima.

Jibu (mzazi, Kongwa)
Yote sawa, lakini ajira je?

Mwanafunzi
Mzee wangu, hata wenzangu wa ualimu wanasubiri ajira. Nawashukuru nyote. Nilikusudia kuandika utafiti kuhusu ufaulu. Sasa nataka kuandika kuhusu debe la mahindi. Mwalimu, naomba kuja huko Julai, chuo kikifungwa.

Mwalimu, Bahi
Karibu, ila Julai hutaona kitu. Mavuno yanakuwa yameshaingia ndani na watoto karibu wote wanakula. Omba ruhusa uje Februari.