Mrejesho: Tuliwaita wanafunzi kwenye kikao

Habari zenu wakuu. Niliomba ushauri hapa: mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi, na wenzangu walitaka michango ya wazazi ipake rangi geti bila kuwauliza watoto. Mkaniambia nianze na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, kifungu cha 11, kinachompa mtoto haki ya kusikilizwa kwenye maamuzi yanayogusa ustawi wake. Nilikisoma kikaoni kwa sauti. Wakaitwa wanafunzi wanne.

Mwanzoni walitazama viatu tu. Mwalimu mkuu akatoka nje kwa hiari yake (namshukuru sana), ndipo msichana wa darasa la sita akasema milango ya choo chao haina komeo kwa ndani. Ukiingia, mwenzako anaushika mlango kwa nje. Wakiwa kwenye siku zao, wengine wanabaki nyumbani. Miaka mitatu niko kwenye kamati, sikulijua hilo! Iliniuma.

Geti litasubiri. Jumamosi fundi alifunga makomeo yote, na kila choo kina ndoo yenye mfuniko. Suala la uji wa wanafunzi shuleni bado tunavutana. Wale wanne wanarudi kikao kijacho. Asanteni sana.